Karatasi ya Mreno, hataza ya leo: Pwani iliulizwa lini?

Shangazi yangu hukaa Mji wa Kale, si mbali na ukuta wa Ngome ya Yesu, na kazi yake ni kushona kofia. Ni kofia za vito, zile zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Nakshi huichora mwenyewe kwa penseli juu ya kitambaa, kisha huanza kazi ya sindano ambayo huweza kumla wiki nyingi kwa kofia moja tu. Mama yake ndiye aliyemfunza, naye amewafunza wasichana wengi wa mtaani.

Siku moja nilimpelekea nakala ya mswada. Ulikuwa mswada wa haki za ubunifu uliotolewa mwaka wa 2020, ambao wananchi waliombwa kuutolea maoni. Ulipendekeza kuunganisha asasi tatu ziwe ofisi moja: Taasisi ya Mali ya Viwandani (KIPI), ambayo ndiyo hutoa hataza, Bodi ya Hakimiliki (KECOBO), na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Ulikuwa kitabu kizima, na wote wa Kiingereza. Shangazi akaugeuza huku na huku, akavua miwani, akaniuliza:

“Mwanangu, hawa wataka kujua nini kwangu?”

“Wanataka maoni yako, shangazi. Kuhusu hataza na mambo yanayokaribiana nayo.”

“Hataza?” Akacheka. “Ndiyo hatari hiyo?”

Nilicheka naye. Lakini nilipotoka pale nikapita chini ya ukuta wa ngome kuelekea kwangu, kicheko kilinikauka. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Neno hataza limo katika kamusi zetu, na jirani zetu wa Tanzania hulitumia ofisini: BRELA, wakala wao wa usajili wa biashara, husajili hataza na huziita kwa jina hilo. Iweje basi mtu ambaye kazi ya maisha yake inaguswa na sheria hiyo alisikie neno lenyewe kama hatari? Na iweje aombwe maoni kwa lugha ambayo haimpi hata pa kuanzia?

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba swali la shangazi lina historia ndefu hapa Mombasa. Kwa zaidi ya miaka 400, watu wa mji huu wamekuwa wakiletewa karatasi zinazosema nani ana ruhusa ya kufanya nini, na nadra wameulizwa kabla ya karatasi hizo kuandikwa. Na pale walipouliza wenyewe, kwa sauti, mambo yalibadilika.

Tuanze na neno. Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Katika sheria ya Kenya muda huo ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Ili kuipata, uvumbuzi lazima uwe na sifa tatu: uwe mpya, uwe na hatua ya kivumbuzi ambayo fundi wa kawaida wa fani hiyo asingeiona mara moja, na uweze kutumika katika uzalishaji. Mvumbuzi naye hulipa kwa kufichua siri yake: lazima aeleze kwa maandishi kifaa chake kinafanyaje kazi, ili muda ukiisha kila mtu aweze kukiunda. Kwa hiyo hataza ni mapatano. Umma unakubali kufungiwa mlango kwa miaka 20, nao unapewa maarifa. Kama ni mapatano, basi upande wa pili, yaani umma, unapaswa kujua unakubali nini.

Waingereza huliita jambo hili kwa neno lililotokana na Kilatini, lenye maana ya barua wazi. Zamani mfalme akitaka kumpa mtu upendeleo, aliandika barua isiyofungwa kwa lakiri ili kila mtu aisome. Sheria ya kwanza inayojulikana sana ya kulinda wavumbuzi kwa utaratibu wa jumla ilitungwa Venice mwaka wa 1474. Uingereza ilifuata kwa Sheria ya Ukiritimba ya mwaka wa 1624, ambayo ilimpunguzia mfalme uwezo wa kuwagawia marafiki zake biashara kwa barua tu, lakini ikawaachia wavumbuzi upendeleo wao kwa muda. Shina la hataza, basi, ni karatasi ya mtawala inayosema: fulani anaruhusiwa, wengine hapana.

Karatasi ya namna hiyo ilifika kwenye bahari yetu kabla ya neno hataza kujulikana. Tangu mwanzo wa karne ya 16, Wareno walidai kwamba bahari ya Hindi ni yao. Chombo chochote cha biashara kilitakiwa kubeba hati yao ya ruhusa, waliyoiita cartaz. Hati hiyo ilionyesha chombo ni cha nani, kinakwenda wapi na kimebeba nini. Chombo kisicho na hati kiliweza kutekwa pamoja na shehena yake. Watu waliokuwa wakisafiri na pepo za kaskazi na kusi kwa karne nyingi bila kumwomba mtu ruhusa, ghafla wakawa wahalifu katika bahari yao wenyewe.

Hebu tulitazame neno hilo, cartaz. Asili yake ni Kiarabu, qirtas, na ni neno lilelile lililotupa sisi karatasi. Mreno aliliokota neno la majirani zetu, akaligeuza kuwa ruhusa ya kuuza na kununua. Sisi tulilichukua likabaki kitu cha kuandikia tu. Maneno mawili ya ukoo mmoja, moja likawa mlango uliofungwa, jingine likawa kurasa nyeupe.

Ngome ya Yesu yenyewe ilianza kujengwa mwaka wa 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyekuwa mhandisi wa Wareno. Kazi yake ilikuwa kulinda utaratibu huo wa bahari. Waomani waliitwaa mwaka wa 1698 baada ya kuizingira tangu 1696. Wenyeji wa Mombasa waliiita Gereza, neno ambalo wanaisimu wanalirejesha kwenye igreja ya Kireno, yaani kanisa. Waingereza walipoifanya jela kuanzia mwaka wa 1895 hadi 1958, maana ya jina na kazi ya jengo zilikutana. Leo ni makumbusho, na tangu mwaka wa 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Mreno alituachia neno jingine linalohusu kisa chetu: leso. Limetokana na lenço, kitambaa cha mkononi. Leso ambayo kwingine huitwa kanga ni mfano mzuri wa namna wafanyabiashara wa Mombasa walivyotatua suala la umiliki wa ubunifu kwa njia yao. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara hapa Mombasa mwaka wa 1887, na leso za duka hilo, ambalo liko Mtaa wa Biashara, zikajulikana kwa alama inayochapwa kwenye kitambaa: K.H.E., Mali ya Abdulla. Mteja asiyejua kusoma alisomewa na jirani. Aliyejua alisoma mwenyewe. Hii ni alama ya biashara iliyoandikwa kwa lugha ya mnunuzi. “Mali ya” ni maneno mawili tu, lakini yanamwambia kila mtu sokoni kwamba nakshi hii ina mwenyewe. Mfanyabiashara alielewa kwamba dai la umiliki lisiloeleweka na watu halina faida. Ofisi za serikali zimechukua muda mrefu zaidi kuelewa hivyo.

Mwaka huohuo wa 1887, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba ulioipa kampuni ya Waingereza haki ya kutawala na kutoza ushuru katika ukanda wa Pwani. Mwaka uliofuata, 1888, kampuni hiyo ikapata hati ya kifalme kutoka London na kuitwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Karatasi tena: moja imesainiwa Zanzibar, nyingine London, na wanaohusika wako Mombasa, hawakuulizwa.

Sheria za hataza ziliingia kwa mlango huohuo wa kikoloni. Chini ya Sheria ya Usajili wa Hataza, Sura ya 508, mtu hakuweza kuomba hataza moja kwa moja hapa nchini. Alitakiwa kwanza aipate Uingereza, kisha aje kuisajili Nairobi. Hebu fikiria fundi wa Mombasa aliyebuni njia mpya ya kuziba majahazi yasivuje. Ili kulinda wazo lake nyumbani kwake, ilimpasa kwanza apite London. Utaratibu huu haukuisha na uhuru. Uliendelea kwa zaidi ya miaka 25 baada ya bendera kubadilishwa, hadi Sheria ya Mali ya Viwandani ya 1989 ilipoanza kutumika mwaka wa 1990 na Kenya ikapata ofisi yake ya kuchunguza na kutoa hataza.

Tulipata ofisi, lakini je, tulipata nafasi ya kusema? Jibu lilianza kuonekana miaka 10 baadaye, na lilitokana na maradhi.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwapo duniani, ila wakati huo matibabu ya mgonjwa mmoja yaligharimu karibu dola 10,000 kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kwamba ingeweza kuuza mchanganyiko wa dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Ugonjwa ni uleule na kemikali ni zilezile. Kilichosimama kati ya bei hizo mbili, kwa sehemu kubwa, kilikuwa hataza.

Bunge lilipojadili sheria mpya ya mali ya viwandani mwaka huo wa 2001, watu waliokuwa wakiishi na virusi, madaktari na mashirika ya kijamii waliingia katika mjadala. Kwa mara ya kwanza hapa nchini, sheria ya hataza ilizungumzwa sokoni na vituoni, si kwa mawakili peke yao. Matokeo yalikuwa kifungu cha 58(2), kilichosema kwa ufupi kwamba bidhaa ikishauzwa sokoni Kenya au nchi nyingine, mwenye hataza hana tena nguvu ya kuizuia isiingizwe nchini. Kifungu kingine kiliiruhusu serikali kutumia uvumbuzi kwa maslahi ya umma. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2002, ndiyo iliyounda KIPI.

Wino haujakauka, mwaka huohuo wa 2002, maneno machache yakaongezwa katika kifungu hicho kupitia sheria ya marekebisho madogomadogo: bidhaa iwe imeuzwa na mwenye hataza mwenyewe au kwa idhini yake ya wazi. Msomaji wa haraka angeyapita maneno hayo kama mtu anavyopita jiwe barabarani. Lakini maana yake ilikuwa kwamba dawa ya bei nafuu isingeingia bila ruhusa ya yuleyule anayeuza ya bei ghali. Waliokuwa wamefuatilia tangu mwanzo waliyaona, wakapiga kelele, na nyongeza ikaondolewa miezi michache baadaye.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu sisi wa lugha mara nyingi huambiwa kwamba maneno si mambo. Hapa maneno machache yalikuwa dawa au kukosa dawa.

Kisa cha pili kinafanana nacho. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 ilifafanua bidhaa ghushi kwa upana kiasi kwamba dawa za jeneriki, yaani dawa halali zenye kemikali ileile lakini zisizo za kampuni ya kwanza, zingeweza kuhesabiwa kuwa ghushi. Watu watatu walioishi na virusi walikwenda Mahakama Kuu mwaka wa 2009. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo vilitishia haki yao ya kuishi, ya heshima ya utu na ya afya. Kiini cha kesi kilikuwa tofauti ya maneno mawili. Ghushi ni kitu kinachojifanya kingine ili kudanganya. Jeneriki hakijifanyi. Aliyeandika sheria aliyachanganya. Aliyekuwa akimeza vidonge kila siku aliona tofauti.

Kisa cha tatu ni chetu kabisa, watu wa Pwani. Mwaka wa 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kwao kusajili neno kikoi, likiandikwa kwa y mwishoni, kama alama yake ya biashara. Kama ombi lingekubaliwa, mfumaji au muuzaji wa Kenya angeweza kuzuiwa kuuza kikoi Uingereza kwa jina la kikoi. Wazalishaji wa Kenya, wakisaidiwa na shirika la biashara ya haki la Traidcraft, walilipinga, na mwaka wa 2008 ombi likaachwa.

Nakumbuka mazungumzo ya siku hizo vibarazani. Wengi wetu tulisema, “Wazungu wameichukua hataza ya kikoi.” Haikuwa hataza. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya, na hakuna mtu duniani angeweza kudai kwamba kikoi ni kipya. Ilikuwa alama ya biashara, dai juu ya neno. Tofauti hiyo si ya wasomi tu. Ukidhani ni hataza, utakwenda kutafuta ushahidi kwamba babu yako alivaa kikoi. Ukijua ni alama ya biashara, utaonyesha kwamba neno kikoi ni jina la kawaida la nguo yenyewe, ambalo mtu mmoja hawezi kulihodhi, kama asivyoweza kulihodhi neno shati. Anayekosea jina la ugonjwa hununua dawa ya ugonjwa mwingine.

Hapa lazima nijinyooshee kidole mimi na wenzangu. Tumeiacha istilahi ya fani hii vurugu. Utasikia hataza, haki ya uvumbuzi, hakimiliki, haki bunifu na miliki bunifu, na mara nyingi msemaji mmoja huyabadilisha katika aya moja kana kwamba ni kitu kimoja. Hakimiliki ni ya mwandishi, mtunzi na msanii. Hataza ni ya mvumbuzi. Alama ya biashara ni ya muuzaji. Umbo la bidhaa, kama nakshi ya kitambaa, lina usajili wake, ambao kwa sheria yetu hudumu miaka 5 na huweza kurudiwa mara mbili. Tungeyatenga maneno haya mapema na kuyafundisha shuleni, kisa cha kikoi kingetukuta tumejiandaa.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo, angalau kwenye maandishi. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 10 kinahesabu kushirikishwa kwa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lirahisishe ushiriki huo. Kifungu cha 11 kinataka jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka wa 2016 ikatungwa Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, inayozitaka serikali za kaunti ziweke rejista za maarifa ya jamii zao.

Ukiviunganisha vifungu hivyo, jibu la swali la shangazi linapaswa kuwa rahisi. Mwenye kofia aulizwe, tena kwa lugha anayoijua. Ndivyo mapatano yanavyofanywa.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kipuuzi. Wanasheria husema kwamba sheria za hataza ni za kitaalamu mno, kwamba mahakama zetu husoma maandishi ya Kiingereza, na kwamba tafsiri ikiteleza itazaa sheria mbili zinazogombana. Tena fani hii ni ya kimataifa. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza mwaka wa 1994, na maombi chini ya mkataba huo huchapishwa kwa lugha 10: Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kijapani, Kikorea, Kireno, Kirusi na Kihispania. Shirika la kanda, ARIPO, lenye makao yake Harare, hufanya kazi kwa Kiingereza. Mvumbuzi wa Mombasa atahitaji Kiingereza tu, wanasema, kwa hiyo azoee.

Nimeitazama orodha hiyo ya lugha 10 mara nyingi. Kireno kimo. Kiarabu kimo. Kiingereza kimo. Lugha za Wareno, Waomani na Waingereza walioishika Ngome ya Yesu zimo. Isiyokuwamo ni lugha ya watu waliokuwa nje ya ukuta.

Hata hivyo sidai kwamba kesho asubuhi maombi yote ya hataza yaandikwe kwa Kiswahili. Mhandisi anayetafuta soko Japani ataandika kwa lugha itakayosomwa huko, na hilo ni sawa. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya ombi la hataza na maoni ya umma. La kwanza ni shughuli ya mvumbuzi na mchunguzi. La pili ni la umma mzima, ambao ndio utakaofungiwa mlango kwa miaka 20. Na kuhusu hofu ya tafsiri, Tanzania ilirekebisha sheria zake mwaka wa 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kutafsiri ni kubwa na haiishi kwa siku moja, lakini hakuna tena anayesema haiwezekani.

Nionavyo mimi, mambo matatu yangetosha kwa kuanzia, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila mswada wa haki za ubunifu utolewe na muhtasari wa Kiswahili, wa kurasa chache, unaosema nini kinabadilika na nani ataguswa. Pili, muhtasari huo uwe na orodha ya istilahi zenye maelezo, zilizokubaliwa na wanasheria na wanalugha wakikaa meza moja, ili hataza isisikike tena kama hatari. Tatu, vikao vya maoni vifanyike karibu na wanaoguswa: wafumaji, washonaji wa kofia, mafundi wa majahazi, waganga wa mitishamba. Na wanachosema kiandikwe kwa maneno yao, kisha waonyeshwe kilikwenda wapi.

Faida si ya washonaji peke yao. Visa nilivyovieleza vinaonyesha kwamba kosa la sheria huonwa kwanza na yule linayemuumiza. Mgonjwa ndiye aliyeona hatari ya neno ghushi, na mfumaji ndiye aliyejua uzito wa neno kikoi. Ofisi inayowauliza watu kama hao mapema hupunguziwa kesi na aibu baadaye. Isiyowauliza itawakuta mahakamani.

Nilirudi kwa shangazi wiki iliyofuata. Safari hii sikumpelekea mswada. Nilimpelekea ukurasa mmoja niliouandika mwenyewe kwa Kiswahili, nikaketi kando yake akausoma polepole, kidole chini ya kila mstari, kofia ambayo haijakwisha ikiwa pajani. Alipomaliza alinyamaza kidogo.

“Hapa wasema lazima kitu kiwe kipya,” akasema.

“Naam, shangazi. Hataza na usajili wa nakshi, vyote vyataka upya.”

“Na hapa chini wasema kuna sheria nyingine ya mambo ya jadi, ya watu wote.”

“Naam.”

Akaiinua kofia, akaishika kwenye mwanga wa dirisha. “Basi hebu niambie. Hii mishono nimefunzwa na mamangu, naye kafunzwa na mamake. Si mipya. Lakini hili ua hapa, nimelizua mimi, mwaka huu, halipo kwengine. Sasa hii kofia ni mpya au ni ya jadi? Ni yangu au ni ya wote?”

Nilifungua mdomo kumjibu nikaufunga. Sheria ya 2001 inatazama ua. Sheria ya 2016 inatazama mishono. Kofia moja imekaa juu ya mpaka wa sheria mbili, ambazo hutekelezwa na ofisi tofauti, na hapo ndipo hasa wanaotaka kuziunganisha asasi hizo wanapopaswa kusimama na kufikiri. Nimesoma maoni ya mawakili na wahadhiri kuhusu mageuzi haya, na sikuona aliyeliuliza swali hilo kwa uwazi kama yule mama aliyekuwa, wiki moja kabla, hajui hataza ni nini.

Nikamwomba alirudie swali lake taratibu. Nikatoa kalamu, nikageuza ukurasa niliompelekea, nikaliandika nyuma yake, kwa Kiswahili, kama alivyolisema. Hayo ndiyo maoni yake. Yamo kwenye karatasi sasa, na yanasubiri mahali pa kupelekwa.